Utani wa Mashemeji Kando ya Ziwa

Mtu atokaye Kisumu kwa barabara ya kwenda Busia hufika Maseno, na mbele kidogo huingia Luanda. Hapo ndipo Wajaluo na Waluhya wanapokutana, na mstari wa ikweta nao hupita jirani. Siku ya soko wanawake wa Kijaluo huleta kutoka ziwani omena na samaki waliokaushwa, na Wanyore huleta ndizi, mboga na kuku waliofungwa miguu. Mgeni akisimama karibu nao atasikia maneno ya kumtia hofu.

"Mulamwa, kuku wako mbona amekonda hivi? Amechoka kukimbia kila aonapo mhubiri anakuja?"

"Amekonda kwa kukungoja wewe, yuora. Bei unauliza kwa Kiingereza, lakini kulipa unalipa kwa ahadi."

Hapo wote hucheka, bei ya kweli hutajwa, na kuku hupata bwana mwingine. Mulamwa ni neno la Kiluhya na yuora ni la Kijaluo, na yote mawili maana yake ni shemeji. Huenda wanawake wale hawajapata kuonana kabla ya siku ile. Lakini kwa desturi ya upande huu, Mluhya na Mjaluo wasiojuana huhesabiwa kuwa jamaa zao wameoana mahali fulani, na kwa sababu hiyo wana ruhusa ya kutaniana.

Mimi ni mtu wa Bunyore na mke wangu ametoka Seme, kwa hiyo ruhusa hiyo nimeitumia, nayo imetumiwa juu yangu, tangu siku ya mahari. Nataka kueleza habari za kicheko hiki, kwa maana nimekiona kikijenga na nimekiona kikibomoa, na katika kubomoa huko ulimi wangu mwenyewe ulikuwamo.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba majina tunayotaniana kwayo si ya kale sana. Serikali ya kikoloni iliwaita watu wote wa pande hizi Wakavirondo, ikawagawa mafungu mawili, Wakavirondo wa Kibantu na Wakavirondo wa Kinailoti, kama mtu apangaye magunia ghalani. Wenyewe hawakulipenda jina hilo. Jina la Abaluhya lilipata nguvu katika miaka ya 1930 na 1940, nalo lilikusanya Wanyore, Wamaragoli, Wabukusu, Wawanga na wengineo ambao hapo kwanza kila mmoja alijihesabu peke yake. Basi jirani huwa na sehemu katika kukufanya uwe ulivyo. Wanyore na Wabukusu walikuwa mbali wao kwa wao, lakini Mjaluo alipowacheka wote pamoja kwa ajili ya kuku, walijikuta wamekuwa ndugu.

Katika mji wa Kijaluo utani huanzia nyumbani, kabla ya jirani kuingia. Babu na mjukuu hutaniana bila kizuizi. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, humwuliza kwa nini hakuleta sukari, na mtoto wa miaka sita hujibu kwa ukali wa mwenye nyumba. Baba hathubutu kusema na mwanawe hivyo. Zamani watoto walilala katika siwindhe, nyumba ya mama mzee, wakasikia hadithi za Apwoyo, yaani sungura, jinsi alivyowadanganya wakubwa kuliko yeye. Huko mtoto alijifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mdogo aweza kumcheka mkubwa, na kwamba kuna mtu wa kutaniwa na mtu asiyetaniwa.

Kisha kuna pakruok, na hapa ndipo wageni wanapowaelewa vibaya Wajaluo kuliko mahali pengine popote. Mpiga nyatiti au ohangla huwa katikati ya wimbo wake, mara mtu husimama, hutoa fedha, husimamisha ngoma na kuanza kujisifu. Hujisifu yeye, rafiki zake, kijiji cha mama yake na wakwe zake, kwa majina ya mafumbo aliyojitungia. Mwenye baiskeli moja iliyopasuka mpira hujisifu kama mwenye meli. Wasikilizaji hucheka kwa maana wote wanaiona ile baiskeli imeegemea ukuta. Sifa ile ni mzaha, tena ni mzaha wa mtu juu ya umaskini wake mwenyewe. Lakini mtu wa kabila lingine asikiaye maneno bila kuiona baiskeli hurudi kwao akisema, "Wajaluo wana majivuno." Nami kwa miaka mingi nilisema hivyo hivyo, hata siku moja shemeji yangu aliposimama mbele ya watu akajisifu kwa ajili yangu, akaniita bwana wa Nairobi asiyelala bila kipoza hewa, hali alijua vema kwamba nauli ya kuja kwao nilikopa kwake.

Mpira wa miguu umeuchukua utani huu ukaupeleka uwanjani. Klabu ya Abaluhya iliundwa mwaka 1964. Gor Mahia iliundwa Februari 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, ambaye yasimuliwa kwamba aliweza kujigeuza umbo apendavyo. Mwaka 1980 serikali iliamuru vyama viache majina ya makabila. Abaluhya Football Club ikatafuta jina lisilo na kabila, ikawa All Footballers Confederation, yaani AFC Leopards, na kwa hiyo herufi tatu za mwanzo zikabaki zile zile. Sijui kama mkubwa yeyote wa serikali alitambua. Washabiki walitambua siku hiyo hiyo.  Hata leo timu hizi zikikutana, mchezo huitwa wa mashemeji. Washabiki wa Ingwe huambiwa kwamba wamekuja na kuku mfukoni, na wale wa K'Ogalo huambiwa kwamba hawakulipa kiingilio ila wamekihutubia. Mawe yamepata kurushwa, na watu wamepata kuumizwa, wala sitaki kuficha jambo hilo. Lakini jioni nimewaona baba wawili, mmoja wa jezi ya kijani na mmoja wa jezi ya buluu na nyeupe, wamempakata mjukuu mmoja, kila mmoja akidai kwamba miguu ya mtoto ni ya upande wake.

Wakenya wengi wasiopata kufika Kisumu walijifunza kumcheka Mjaluo kwa njia ya televisheni ya taifa, katika michezo ya Vioja Mahakamani na Vitimbi. Hapo alikuwapo Mzee Ojwang', mtu wa maneno mengi na visa vingi, asemaye Kiswahili cha Kijaluo. Lugha ya Kijaluo haina sauti ya sh, kwa hiyo shamba huwa samba na shule huwa sule. Kila kabila letu lina alama yake ya namna hiyo. Mkikuyu hubadilishana l na r, na sisi Waluhya twaambiwa kwamba b yetu hugeuka p na g yetu hugeuka k. Mzee Ojwang' alizichukua alama za Kijaluo akazichezea kwa ustadi hata watu wa Kisumu wenyewe walimpenda kama mzee wa mtaani kwao.

Sasa, yule mzee hakuwa Mjaluo. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Na Mama Kayai, mkewe katika mchezo, ni Mary Khavere, Mluhya. Alipofariki Mzee Wanjau mwezi wa Julai 2015, watu wengi wa upande wa ziwa walishangaa kusoma jina lake la kweli gazetini. Jambo hili nimelifikiri mara nyingi. Kwa nini Mkikuyu aliruhusiwa kumwigiza Mjaluo kwa miaka mingi, katika nchi ambayo makabila hayo mawili yametazamana kwa mashaka tangu kuvunjika kwa urafiki wa Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1966, na zaidi baada ya kuuawa kwa Tom Mboya mwaka 1969? Nadhani ni kwa sababu Ojwang' hakuwa mpumbavu wa kuchekwa tu. Alikuwa na werevu wake, alijibu, alimshinda polisi na wakili kwa maneno, na aliposhindwa alishindwa kama mtu yeyote ashindwavyo na mkewe. Mwigizaji alimpa Mjaluo wake haki ya kujibu.

Dini nazo zina utani wao, na hapa ziwani hupitia kinywani mwa samaki. Wasabato walifika Gendia, ng'ambo ya ghuba, mwaka 1906, na mafundisho yao ni kwamba muumini asile samaki asiye na magamba. Katika ziwa letu maana yake ni mumi na kamongo, na kamongo ni kitoweo ambacho mzee wa Kijaluo hukizungumza kama mtu anayemkumbuka marehemu. Basi Mkatoliki akipata kamongo mnono humpelekea jirani yake Msabato habari, si nyama. Msabato hujibu kwamba samaki huyo amejificha matopeni kwa sababu ya dhambi zake. Walio hodari wa vitabu husema kamongo anayo magamba, ila ni madogo na yamezama ndani ya ngozi, na hapo ubishi huanza upya mpaka mchuzi hupoa. Waislamu wa Kisumu, waliojenga mji huu pamoja na wengine tangu siku za reli iliyofika hapa Desemba 1901, hutaniwa kwa pilau ya Idi, kwa maana siku hiyo kila Mkristo wa jirani hukumbuka kwamba yeye pia ni mwana wa Ibrahimu. Wahindi wa dukani nao walijifunza Kijaluo kizuri, wakatania wateja kwa Kijaluo, na mmoja wao, Shakeel Shabbir, akachaguliwa kuwa mbunge wa Kisumu Town East mwaka 2007. Mtu akikutania kwa lugha yako, ni vigumu kumwita mgeni.

Wenzetu wa Tanzania wameliweka jambo hili katika sheria za desturi. Huko utani ni mapatano ya kabila na kabila. Wazaramo wana utani na Wanyamwezi, tangu siku za misafara ya wapagazi waliotoka bara kwenda pwani na kupita nchi ya Uzaramo. Wangoni wana utani na watu waliopigana nao. R. E. Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani, aliandika makala juu ya mambo hayo mwaka 1944, naye alishangaa kuona jinsi mtani anavyoweza kuchukua mali ya mtani wake, kumtukana hadharani, na kufanya mzaha hata kwenye maziko, pasipo mtu kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye asaidiaye katika maziko, na mtani huyo huyo hana budi kukupokea ukiwa msafiri mwenye njaa. Utani ule ni deni linalolipwa pande zote mbili.

Sisi wa Kenya hatukuwa na mapatano ya namna hiyo kwa makabila yote. Mluhya na Mjaluo wanao ushemeji, na ushemeji ni kitu cha kweli, una watoto na una makaburi. Lakini Mjaluo na Mkikuyu wana nini? Mjaluo na Mkalenjin wana nini? Tulichukua ulimi wa ushemeji tukautumia mahali ambapo ushemeji haupo.

Kabla sijaingia katika habari hiyo nzito, nitaje kicheko kimoja kilichotoka katika uchungu. Mwaka 2008, Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Kogelo katika Siaya, alipokuwa akigombea urais wa Marekani, watu wa Kisumu walikuwa na neno moja: kwamba Mjaluo ataitawala Marekani kabla ya Mjaluo kuitawala Kenya. Novemba 4 mwaka ule Obama akashinda, na Rais Kibaki akaitangaza Novemba 6 kuwa siku ya mapumziko. Watu walicheza barabarani. Lakini aliyelisikiliza vizuri neno lile alisikia ndani yake habari ya uchaguzi wa Desemba 2007, na habari ya miaka mingi kabla yake. Mtu mwenye jeraha akilifanyia mzaha, mzaha huo ni wake. Mwimbaji D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati aliyefariki katika ajali ya gari Kisumu mwaka 2006, alikuwa na ustadi huo. Aliimba habari za wanyama, na kila msikilizaji alimjua fisi ni nani, na wakubwa walimjua pia, ndiyo maana alipata kukamatwa zaidi ya mara moja.

Sasa niseme yaliyonipata.

Katika mwaka 2007 nilikuwa karani katika ofisi moja hapa mjini. Tulikuwa na mwenzetu Mkikuyu, mtu mpole, hodari wa hesabu, aliyekaa Kisumu miaka mingi na ambaye watoto wake walisema Kijaluo kuliko Kikuyu. Kila saa nne, wakati wa chai, mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji wa ofisi, na mzaha wangu niupendao ulikuwa ule unaojulikana Kenya nzima: kwamba ukitaka kujua kama Mkikuyu amekufa kweli, angusha sarafu karibu ya sikio lake. Siku nyingine nilileta sarafu yenyewe nikaiangusha sakafuni nyuma ya kiti chake. Alikuwa akigeuka kwa haraka ya makusudi, na wote tulicheka, yeye pia. Alinijibu kwa habari za kuku, akawajibu Wajaluo kwa habari za samaki. Niliona kwamba sisi ni mfano mzuri wa Kenya.

Desemba 30 matokeo ya urais yalitangazwa. Usiku ule Kisumu iliwaka moto. Maduka yalivunjwa, na siku zilizofuata watu wengi waliouawa katika mji huu waliuawa kwa risasi. Wakikuyu na Wakisii walikimbilia kituo cha polisi, kisha wakapandishwa magari kwenda kwao, yaani kwenda mahali ambapo watoto wao hawakupata kupaona. Katika nchi yote, tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Mwenzetu yule aliondoka pamoja na jamaa yake, na meza yake ikabaki na daftari lililofunguliwa.

Miaka kadhaa baadaye nilimwona Nairobi. Tulisalimiana, tukanywa chai, naye akanisimulia usiku ule. Vijana walikuja mlangoni wakabisha. Yeye na mkewe na watoto walizima taa wakalala sakafuni, wakanyamaza. Kijana mmoja akasema kwa Kiswahili, tena kwa kucheka, "Hawa hawajafa, tupa shilingi." Akaisikia sarafu ikigonga saruji ya kizingiti. Halafu wakauvunja mlango. Aliponea dirisha la nyuma.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Niliufahamu ule mzaha."

Naandika haya nikijua kwamba yule kijana hakuujifunza kwangu. Mzaha ule uko kila mahali. Lakini mimi niliuzoeza masikio ya watu kumi na wawili kila siku ya kazi. Mwenzetu alipokuwa akinijibu kwa kuku, nilidhani tumelingana. Hatukulingana. Ofisini alikuwa peke yake, na mtu aliye peke yake hucheka kwa sababu akikataa kucheka atabaki peke yake zaidi.

Upande wa pili mambo yalikuwa hayo hayo, na pengine mabaya zaidi. Kwa miaka mingi katika siasa za Kenya Wajaluo walitaniwa kwamba si watu wazima, kwa sababu desturi yao haikuwa tohara. Kijana wa Kijaluo wa zamani aliingia utu uzima kwa nak, yaani kung'olewa meno sita ya chini, jambo ambalo mwoga hawezi kulistahimili. Waliotania hawakuuliza habari ya meno. Wala hawakujali kwamba wako Wajaluo wanaotahiri kwa sababu ya dini, Waislamu, na watu wa kanisa la Nomiya lililoanzishwa na Johana Owalo mwanzoni mwa karne ya 20. Mzaha ulisema kwamba asiyetahiriwa ni mtoto, na mtoto hawezi kutawala. Ulisemwa jukwaani, watu wakacheka. Mwanzoni mwa mwaka 2008, huko Naivasha na Nakuru, wanaume wa Kijaluo walikamatwa na magenge wakatahiriwa kwa nguvu, kwa panga na vipande vya chupa, na wengine walikufa. Tume ya Waki iliyaandika mambo hayo. Waliofanya walikuwa wakitimiza kwa chuma lile lililosemwa kwa kicheko.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati huo huo matabibu wa Kisumu walikuwa na habari nyingine ya tohara. Vijana 2,784 wa mji huu, wenye umri wa miaka 18 hadi 24, walikubali kuingia katika uchunguzi wa kitabibu, nusu wakatahiriwa mara moja na nusu wakangoja. Mwezi wa Desemba 2006 uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu jibu lilikuwa wazi, na mwaka 2007 matokeo yakachapishwa: tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kupata virusi vya Ukimwi kwa zaidi ya nusu. Hii ilikuwa habari ya uhai katika jimbo lililozika vijana wake wengi kuliko mengine. Lakini tazama ugumu wake. Mzee wa Kijaluo aambiwe nini? Kwamba akubali kwa ajili ya afya lile alilochekwa kwalo na kupigwa kwalo? Baadhi ya wazee walikataa kabisa. Wakuu wa siasa wa Nyanza, Raila Odinga akiwa mmoja wao, walisema hadharani kwamba hili ni jambo la dawa, si la kabila, na mnamo Novemba 2008 kazi ya tohara ya hiari ikaanza rasmi. Mamia ya maelfu ya wanaume wamekwenda hospitali tangu wakati huo.

Na utani haukufa. Umehamia mahali pengine. Wabukusu, ambao vijana wao husimama alfajiri mbele ya umati, wamepakwa matope, bila kupepesa jicho, sasa huwaambia mashemeji zao kwamba tohara ya sindano ya ganzi ni sawa na kuoga kwa mwavuli. Shemeji yangu mmoja alijibu kwamba yeye alipewa soda na cheti, je, Mbukusu ana cheti? Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko hiki nakiruhusu moyoni mwangu, maana aliyetaniwa alikuwa na jibu, na aliyetania alilipokea.

Serikali nayo ilitunga sheria. Sheria ya Mshikamano na Utangamano wa Taifa ya mwaka 2008 yasema kwamba mwenye kutoa maneno ya chuki ya kikabila aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au yote mawili. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022 tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa. Ndani yake mlikuwamo neno la Kikuyu la kumwita mtu asiyetahiriwa, na mlikuwamo pia maneno ya Kiswahili safi, "watu wa kurusha mawe", ambayo kila mtu wa Kisumu anajua ni yeye anayesemwa. Sina neno dhidi ya orodha hiyo. Ila nilipoisoma niliona kwamba hakuna neno la sarafu. Shilingi haiwezi kutiwa katika orodha.

Mwenzangu yule alikuja Kisumu baadaye kwa shughuli zake, mara ya kwanza tangu usiku ule, nami nikamwomba ale nyumbani kwangu. Hakukubali mara moja. Alipokuja, mke wangu alikuwa amepika ngege mzima kwa nyanya, na ugali, na akamwekea maji ya kunawa yeye kwanza kwa kuwa ni mgeni. Tulikula tukizungumza habari za watoto. Tulipomaliza akatia mkono mfukoni, akatoa shilingi moja, akaiangusha mezani. Ilizunguka kidogo kisha ikalala. Akanitazama. Nilikosa la kusema.

Mke wangu akainyosha mkono akaichukua. "Shemeji," akamwambia, "hii haitoshi hata chumvi. Ongeza."

Akaongeza ishirini.